Kufungua Kitabu Baada ya Kujibu

Muhula huu mhadhiri wetu wa Sheria ya Biashara ameamua kwamba majaribio mafupi yafanyike mtandaoni, kwenye mfumo wa Moodle, na kwamba kila mwanafunzi anaruhusiwa kufungua vitini, sheria yenyewe na chochote alichoandika darasani. Tangazo hilo lilipokelewa kwa shangwe. Alama za kozi, yaani zile za kabla ya mtihani wa mwisho, kwetu ni 40 kati ya 100, na jioni ile, kwenye banda la chipsi hapa Sinza, wenzangu walikuwa wakizihesabu kana kwamba zimeshaingia mfukoni.

Sasa tumeshayafanya kwa wiki kadhaa, na nimefikia maoni kwamba kitabu kilichofunguliwa humfaa yule ambaye tayari ana jibu kichwani na anataka kulihakikisha. Anayekifungua ili akalitafute jibu humo, mara nyingi hutoka na kifungu sahihi na jibu lisilo sahihi.

Nichukue swali moja la wiki iliyopita. Muuza duka wa Kariakoo amemkopesha kijana wa miaka 17, mwanafunzi wa sekondari mwenye mali aliyorithi, sare za shule pamoja na simu janja ya bei kubwa. Kijana hakulipa. Je, muuza duka anaweza kudai nini? Aliyekimbilia kutafuta neno la umri kwenye faili la Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, alipelekwa moja kwa moja kwenye kifungu cha 11, kinachotaka mwenye kufunga mkataba awe amefikia umri wa utu uzima na awe na akili timamu, na kinachosema kwamba makubaliano ya asiye na sifa hizo ni batili. Hapo roho hutulia, mtu akabofya "hawezi kudai chochote" na kusonga mbele. Lakini sheria hiyohiyo, kurasa nyingi baadaye, katika sehemu inayohusu mahusiano yanayofanana na yale yatokanayo na mkataba, inasema kwamba aliyempatia mtu asiye na uwezo wa kufunga mkataba mahitaji ya lazima yanayolingana na hali yake ya maisha anastahili kurudishiwa gharama kutoka katika mali ya mtu huyo. Sare zinaweza kuingia humo. Simu ya kifahari ni vigumu. Kifungu hicho hakitaji umri hata kidogo, kwa hiyo utafute neno hilo mpaka kesho, hutafikishwa hapo. (Mwenzangu wa chumbani anashikilia kwamba simu nayo ni hitaji la lazima, maana bila simu majaribio yenyewe angeyafanyia wapi, na sijapata hoja ya kumnyamazisha.)

Wapo waliodhani kundi la WhatsApp litawaokoa. Mfumo huchota maswali kutoka kwenye hazina kubwa na kumpangia kila mtu ya kwake, hata mpangilio wa majibu ukibadilika, hivyo picha ya skrini iliyotumwa na mwenzako huwa ni ya swali ambalo wewe hutaliona. Kinachobaki kwenye kundi ni malalamiko ya bando kuisha.

Mimi nimejiwekea utaratibu. Nasoma swali, najiamulia jibu vitini vikiwa vimefunikwa, ndipo nafungua kuhakiki. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima baada ya kusoma walikumbuka zaidi wiki moja baadaye kuliko waliorudia kusoma, ingawa dakika chache tu baada ya kusoma hali ilikuwa kinyume chake. Hilo lina uzito kwetu, kwa kuwa mtihani wa mwisho wa muhula utafanyika ukumbini bila kitini wala simu. Kwa ajili ya kuhakiki nina karatasi moja tu, niliyoigawa kwa aina ya ugomvi badala ya mada za vitini: aliyekosa uwezo, aliyelazimishwa, aliyedanganywa, aliyechelewa kutekeleza. Mbele ya kila ugomvi nimeandika vifungu vyote vinavyougusa, hata kama vimeachana mbali.

Nisichokubaliana nacho ni muda. Maswali 15 kwa dakika 20, huku mfumo ukikusanya majibu wenyewe saa inapokwisha, humpa nafasi nzuri mwenye kompyuta na intaneti ya kasi, na humwadhibu anayesubiri ukurasa ufunguke kwenye simu ya zamani, ambaye huenda sheria anaijua vizuri zaidi. Afadhali maswali yawe 6, magumu kama lile la Kariakoo, kwa dakika zilezile 20. Nimemwomba kiongozi wa darasa alifikishe pendekezo hilo kwa mhadhiri kabla hatujaanza mada ya uwakala, naye amekubali, kwa sharti kwamba niliandike mwenyewe na kuweka jina langu chini.