Pale pa Kinanda

Jana baada ya magharibi binti yangu alikuwa akiosha vyombo, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari, mara likaanza gita la wimbo wa "Layla". Nikalijua papo hapo.

"Baba, huyu Layla ni Muislamu?"

Nikacheka, kisha nikakosa jibu. Swali kama hilo niliulizwa 1993, kwenye daka letu la Langoni, Lamu.

Bibi alikuwa amemkodisha Mwingereza chumba cha darini. Mwingereza akaondoka na boti ya asubuhi kwenda Mokowe, akidaiwa malazi ya siku mbili, akaacha chandarua kilichotoboka na kanda moja. Chandarua bibi alikiziba. Kanda nikaichukua mimi. Nilikuwa na miaka 16, na nyumba ya tatu kutoka kwetu palikuwa na msichana aliyeposwa na binamu yake wa Faza. Hayo yanatosha.

Kisa cha wimbo alinihadithia Mwingereza mwenyewe, gatini. Kundi linaitwa Derek and the Dominos, walirekodi Miami mwaka 1970. Derek hayupo, ni Eric Clapton aliyejificha nyuma ya jina. Alimpenda Pattie Boyd, mke wa rafiki yake George Harrison wa Beatles, na jina la mke wa watu hulitaji hadharani, basi akamwita Layla. Mwishowe alimpata. Walioana 1979, wakaachana 1989.

Usiku ule stima ilikuwa imekatika. Redio inamaliza mawe yake, chemli iko kati yetu, bibi anashona kofia ya mjomba ya maulidi, tundu baada ya tundu, hata haitazami. Mtu akaanza kulia kwenye redio. Bibi akainua uso.

"Huyo yuwamlilia Laila gani?"

Nikamweleza yote. Akanisikiliza, sindano inaendelea.

"Mke wa rafikiye," akasema, kama anayetaja bei ya samaki.

Nilikuwa nimejiandaa. "Bibi, si hata Majnuni? Laila wake aliozwa mtu mwingine, naye hakukoma." Hadithi hiyo alinifundisha yeye.

"Majnuni alikwenda jangwani akakaa na wanyama. Huyu wako alikwenda wapi?"

"Miami."

"Kuna jangwa?"

"Kuna bahari."

Akacheka kwa pua. Hapo ndipo yule mtu aliponyamaza, gita likashuka, kikaingia kinanda. Piano, lakini kwa bibi vyote vilikuwa vinanda. Wanaoujua wimbo wanapajua: nusu nzima ya mwisho haina neno hata moja. Sindano ikasimama. Sikuwahi kuiona ikisimama. Hata wiki ya msiba wa babu alishona. Alikuwa akitazama nje, kwenye ujia mtupu, punda wa mtu amelala kando ya ukuta. Mawe yalikuwa yanakwisha, kwa hiyo kinanda kilikwenda pole kuliko kilivyopigwa, kikawa kinazama, naye akanyoosha shingo kama anayetaka kukivuta kisizame. Redio ikazima kabla ya mwisho.

Tukakaa.

"Kesho nunua mawe," akasema. "Na zile kelele za mwanzo uziruke."

Sikumuuliza kama alijua habari za nyumba ya tatu. Harusi ilikuwa baada ya maulidi. Nilikula biriani.

Intaneti ilipofika ndipo nilipopata mengine. Kwamba aliyemhadithia Clapton kisa cha Laila na Majnuni, kile alichokitunga Nizami kwa Kifarsi karne ya 12, ni rafiki yake Ian Dallas, Mskochi aliyesilimu. Hilo lingempa bibi la kusema. Kwamba wimbo ulipotolewa kama santuri ndogo 1971 ulikatwa, kinanda kikatupwa, ukaishia nafasi ya 51 Marekani. Ulipotoka mzima 1972 ukafika ya 10, na Uingereza ya 7. Hapo nilicheka peke yangu, watu wakanigeukia.

Kisha nikajua cha kinanda chenyewe. Anayetajwa kuwa mtunzi wa sehemu ile ni mpiga ngoma wao, Jim Gordon, ingawa Rita Coolidge, aliyekuwa mpenzi wake, anasema muziki ule aliutunga yeye na hakutajwa. Gordon alikuwa akisikia watu wakimsemesha kichwani. Mwaka 1983 alimuua mama yake mzazi. Alifia gerezani 2023.

Majnuni ni mwenye wazimu. Kila mtoto wa madrasa anajua maana yake. Nashukuru bibi alikuwa amekwisha kufa niliposoma hayo. Au pengine angenyamaza tu, ashone.

"Baba, hujanijibu."

"Si Muislamu. Jina la kuazima."

Akagusa simu kwa kidole chenye povu, akaruka sauti ya yule mtu yote, akaachia pale kinanda kinapoanza.

"Hapa ndipo pazuri," akasema.

Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta sahani.