Uzio wa konokono wa miti wa Oahu: unavyojengwa na unapofeli

Achatinella mustelina, konokono wa miti, anaishi sehemu moja tu duniani: milima ya Waianae, katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Akikomaa, gamba lake hufika milimita 20 hivi. Mchana hulala amejibandika kwenye jani kwa ute uliokauka, na usiku hutembea akila. Jani lenyewe hali. Hukwangua utando wa kuvu unaoota juu yake, ndiyo maana mti wenye konokono wengi haubaki na matundu.

Kinachomponza ni uzazi wa taratibu. Hatagi mayai. Huzaa mtoto mmoja kwa wakati, watoto wachache tu kwa mwaka, na mtoto huzaliwa ana milimita 4 na nusu hivi. Kukomaa humchukua miaka 3 hadi 5. Mkomavu utamjua kwa mdomo wa gamba: ukishanenepa, hakui tena. Mti ukipoteza wakomavu kumi kwa mwezi mmoja, kuziba pengo hilo ni kazi ya miaka.

Maadui ni watatu. Mbaya kuliko wote ni Euglandina rosea, konokono mla konokono aliyeletwa kutoka Florida mwaka 1955 ili amalize konokono mkubwa wa Afrika Mashariki, ambaye alikuwa amefika Hawaii mwaka 1936 na kuwa kero mashambani. Mla konokono huyo akaingia msituni. Hufuata njia ya ute kwa kuinusa, na kupanda miti hakumshindi. Wa pili ni panya. Wa tatu ni kinyonga wa pembe tatu, naye asili yake ni Afrika Mashariki, aliyeachiliwa Oahu mwaka 1972.

Kabla ya kupanga ulinzi wowote, piga magoti chini ya mti usome magamba makavu. Gamba zima, safi, lisilo na kitu ndani: hapo fikiria Euglandina kwanza. Gamba lililotafunwa, lenye kingo za mikwaruzo: panya. Konokono wakipungua bila gamba lolote kuonekana, mshuku kinyonga, maana yeye humeza na gamba lake. Euglandina naye humeza wadogo wazima, kwa hiyo kutokuta magamba ya watoto hakumaanishi kwamba watoto wako salama.

Panya wana mitego. Euglandina hana mtego wa kutegemewa wala sumu ambayo haitamuua na yule unayemlinda. Kwa hiyo njia inayobaki ni kuzungushia kipande cha msitu ukuta mgumu, laini, ambao kitako chake kimefukiwa ardhini. Upande wa nje huwekwa vizuizi vitatu, kila kimoja kikimsubiri aliyekipita kilichotangulia. Cha kwanza ni bapa lililoinamishwa kuelekea chini, likiacha pembe kali ambayo konokono hushindwa kuizunguka. Cha pili ni wavu wa shaba uliokatwa ncha zikabaki wazi. Cha tatu ni nyaya zenye umeme zilizopita sambamba, karibu kiasi kwamba mwili wa konokono ukigusa mbili kwa pamoja anapigwa na kuanguka. Nyuzio za mwanzo zilikuwa na mfereji wa chumvi badala ya baadhi ya hivi. Katika milima yenye mvua kiasi kile, chumvi huyeyuka na inabidi ijazwe kila mara. Sioni sababu ya kuirudia.

Uzio ukifeli, mara nyingi si kwa sababu ukuta ni dhaifu. Tawi moja likiangukia juu yake baada ya upepo, hilo ni daraja. Maji ya mteremko yakichimba kitako, huo ni mlango. Majani mabichi yakilalia nyaya, umeme unavuja. Ndiyo maana pande zote mbili za ukuta hufyekwa, matawi yanayoning'inia hukatwa, na ukaguzi hufanywa kwa ratiba, tena mara tu baada ya dhoruba.

Kosa kubwa zaidi hutokea kabla ya ukuta kufungwa. Euglandina hutaga mayai kwenye udongo. Ukiwaondoa wakubwa tu ukaridhika, umewafungia watoto wao ndani pamoja na chakula. Majani makavu yote ya chini yapekuliwe kipande kwa kipande, na upekuzi urudiwe tena na tena hata pale ambapo hakuna aliyeonekana kwa muda.

Wakati wa kuwahamishia konokono wa miti ndani ya uzio, usimbandue aliyelala. Gamba la mtoto ni jembamba na mdomo wake huvunjika. Kata jani zima pamoja naye, au mloweshe kwa maji mpaka aachie mwenyewe. Usichanganye makundi ya mabonde yaliyo mbalimbali bila ushauri wa wataalamu wa vinasaba, kwa kuwa spishi hii ina koo zilizotengana kwa muda mrefu. Na hakuna anayeruhusiwa kuwagusa bila kibali: jenasi nzima ya Achatinella, yaani kundi zima la spishi zenye jina hilo, inalindwa na sheria ya Marekani tangu 1981.

Kuhesabu kufanyike usiku, kwa tochi, majani yakiwa yameloa, na kila mara kwa muda uleule na idadi ileile ya watafutaji. Usiku mkavu utakupa idadi ndogo hata kama hakuna aliyekufa, kwa hiyo usilinganishe usiku wa mvua na wa ukavu. Idadi ya wadogo iandikwe kando na ya wakomavu.