Siku moja maishani mwangu: mpiga kinubi cha kale Ayalandi

Saa 12 asubuhi, kabla hata ya chai, nashughulikia kucha. Kinubi cha kale cha Wagaeli, watu wa asili wa Ayalandi na Uskoti, kina nyuzi za shaba ya njano, na nazipiga kwa kucha ndefu, si kwa ncha laini ya kidole. Ukucha ukipasuka, kazi ya siku nzima imeingia dosari, kwa hiyo sioshi sufuria bila glavu.

Saa 1 nakaza nyuzi. Ziko 29. Naanza na mbili za katikati zenye sauti ileile, kama walivyoanza wapigaji wa zamani, halafu napanda na kushuka mpaka zote zielewane. Saa 3 niko barabarani. Ndugu zangu wa Tanga bado huniuliza: hiyo ndiyo kazi, au unayo nyingine? Ndiyo kazi. Leo nina harusi mchana na tamasha usiku.

Saa 5 nafika hotelini. Mratibu wa harusi ananitazama, anakitazama kinubi. "Mbona kidogo? Nilitegemea kile kikubwa cha dhahabu." Namweleza kwamba hiki kimechongwa kwa mfano wa kile kinachohifadhiwa chuo kikuu cha Trinity College, Dublin, kile kile ambacho nchi yao imekiweka kwenye sarafu. Sanduku la sauti ni gogo moja la mwerebi lililochimbwa ndani. Ananionyesha kiti: bustanini, juani, kwa sababu pazuri kwa picha.

Nikamwambia haifai. Shaba ikipata joto hulegea na sauti hushuka, tena kila uzi hushuka kwa kiasi chake. Nikaomba kivuli cha ukuta, hatua chache tu kutoka pale. "Ni dakika 15 tu," akasema, akaondoka.

Bibi harusi alichelewa saa nzima na zaidi. Jua likatoka, wingu likaja, upepo ukafuata, jua likarudi. Hali ya hewa ya Ayalandi haikai. Kila mara nashika ufunguo wa kukazia, nazungusha misumari inayoshika nyuzi, nyuzi zinakubali, jua linabadilika, naanza upya. Mratibu akarudi. Je, siwezi kukaza kimya kimya, maana wageni wanasikia? Kisha akanipa karatasi yenye wimbo wa filamu ambao haukuwemo kwenye makubaliano yetu. Nikamweleza kwa upole kwamba kinubi cha okestra kina pedali 7 za kupandisha na kushusha sauti ya nyuzi, hiki hakina hata moja. Wimbo ule unahama ngazi ya sauti kila mstari. Ningelazimika kukaza upya nyuzi kadhaa katikati ya wimbo. "Mpigaji wa mwaka jana aliweza," akasema. Bila shaka alikuwa na kinubi kingine. Tulirudia mazungumzo hayo mara tatu, mimi nimekaa juani na nguo nyeusi, yeye akitazama saa yake kana kwamba mimi ndiye niliyemchelewesha bibi harusi.

Bibi harusi alipotokea, nikapiga kipande cha karne ya 17 cha mpiga kinubi Ruairí Dall Ó Catháin. Hapa ndipo penye kazi ambayo watu hawaioni. Uzi wa shaba ukishapigwa hauachi kulia upesi, hivyo kila kidole kina majukumu mawili: kupiga uzi wake na kurudi kuunyamazisha kwa wakati unaofaa. Usiponyamazisha, noti zinagombana. Ukinyamazisha zote, muziki umekufa. Miaka yangu mingi imekwenda kwenye kujifunza nini cha kuacha kilie. Wageni waliendelea kuongea huku nikipiga, ila babu wa bwana harusi alisogeza kiti chake mpaka karibu na goti langu, akakaa hapo hadi mwisho.

Sikumbuki nilikula saa ngapi. Sandwichi, garini.

Jioni, kanisa la mawe, watu wachache, baridi, na nyuzi zilizokuwa zimelegea sasa zimepanda. Kukaza tena. Bega la kushoto, ambalo kinubi hulalia, lilikuwa linauma tangu bustanini. Nilipiga vipande vya Carolan, mpiga kinubi na mtunzi wa Ayalandi aliyefariki 1738, kisha nikawaeleza watu kuhusu Belfast, Julai 1792, ambako wapiga vinubi wazee waliitwa ili muziki wao uandikwe kabla hawajaisha. Mwandishi alikuwa Edward Bunting, kijana wa miaka 19. Kati ya wote waliokuja, Denis Hempson peke yake, kipofu aliyepita miaka 90, ndiye aliyebaki akipiga shaba kwa kucha ndefu. Baadaye mnyororo wa mwalimu na mwanafunzi ulikatika. Sisi tunaopiga leo tunajifunza kutoka daftari za Bunting na vinubi vilivyobaki kwenye makumbusho. Nikisema hayo sauti yangu hubadilika, hata nikiwa hoi.

Kanisani hakuongea mtu.

Baadaye, nikiwa nafunga kinubi kwenye mfuko wake, simu ikaingia: mratibu yule, anataka nirudi kwa harusi ya Desemba. Nimemjibu bei yangu, na masharti matatu: ndani ya nyumba, mbali na moto, nusu saa ya kukaza nyuzi kabla wageni hawajaingia. Orodha ya nyimbo naileta mimi.