Ghuba ya Pozzuoli, wiki ya saba: lile tabaka halikuwa tabaka

Nimeufuta mstari mwekundu. Wiki tatu nzima niliuchora kwenye mkato wa ghuba ile ya Italia, yaani picha ya matabaka yaliyo chini ya bahari inayopatikana kwa mwangwi wa sauti, nikiamini ni mgongo wa tufu ya njano ya Napoli, majivu ya mlipuko wa miaka 15,000 hivi iliyopita yaliyoganda yakawa jiwe. Weusi niliokuwa nikiufuata kwenye picha haukukatika, ulivutia macho.

Tatizo, uliyapasua matabaka ya matope kama kisu. Nikasingizia ufa. Nikasingizia gesi, maana kule gesi ya volkano hupanda kweli na kufifisha picha. Nikabadili hata kasi ya sauti kwenye hesabu. Wapi!

Jumamosi nilikuwa kwenye mashua ya ami yangu, hori ya Tudor, Mombasa. Chombo chake cha kutafutia samaki kilionyesha sakafu mita 12, na chini yake sakafu nyingine hafifu, mita 24.

"Ami, hii ya pili ni nini?"

"Hapo pana mwamba, mwanangu. Sauti yapiga chini, yarudi juu, yashuka tena. Penye matope huioni."

Nilifika nyumbani sikugusa chakula. Katikati ya ghuba sakafu iko milisekunde 133, kwenda na kurudi. Kwa mita 1,500 kwa sekunde, ndiyo mita 100. Mstari wangu: 266. Nikasogea kwenye mteremko, sakafu 80, mstari 160. Sakafu ikiinama, wenyewe unainama maradufu. Mwangwi wa pili, kila mahali!

Kufuata tabaka kwa programu nimeacha. Programu hufuata weusi, haiulizi umetoka wapi. Sasa nachora kwa penseli juu ya karatasi angavu, jicho karibu na meza. QGIS, programu ya kuchorea ramani, ibaki na ramani. Huko haina mpinzani.

Na mstari ulipoondoka, kilichokuwa kimefichwa kikajitokeza: matabaka membamba upande wa kaskazini, yameinuliwa kuelekea mjini Pozzuoli. Mji wenyewe ulipanda kama mita 1.8 kati ya 1982 na 1984. Nimeyatazama hadi usiku wa manane, moyo unanidunda.

Plasta ya kutengenezea mfano wa ghuba bado iko mfukoni. Ami amekubali Jumamosi nipige picha skrini yake kuanzia mwamba wa Nyali hadi matope ya mikokoni, ndani kabisa ya Tudor, nione mwangwi wa pili unafia wapi.