Dawa ya kaka ilipoondolewa sokoni, na kwa nini sina kinyongo

Tangu Aprili 2024, kampuni ya Amylyx ilipotangaza kwamba inaiondoa sokoni Relyvrio, dawa yake ya ugonjwa wa ALS, kwa sababu haikuonekana kufanya kazi, swali ninaloulizwa na ndugu na jamaa hapa Lowell, Marekani, ni lile lile: "Sasa si mlidanganywa?" Wengine huuliza kwa upole, wengine kwa hasira ya kumwonea kaka yangu uchungu, maana aliinywa dawa ile kwa zaidi ya mwaka. Nimejibu kwenye simu, nimejibu msibani, nimejibu hata baada ya swala watu wakivaa viatu. Leo nimeona niandike.

Kaka ni fundi wa malori. ALS ilimwanzia kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Spana ikawa inamponyoka, na yeye akidhani ni baridi ya huku. Ugonjwa huu unaua neva zinazopeleka amri kwenye misuli. Mikono inaisha nguvu, miguu, ulimi, na mwisho pumzi, huku wengi akili zao zikibaki timamu. Wagonjwa wengi huishi miaka 2 hadi 5 tangu dalili za kwanza. Daktari wa Kifaransa, Charcot, aliueleza kule Paris mwaka 1869, na dawa ya kwanza, riluzole, ikaja kupitishwa Marekani mwaka 1995. Piga hesabu hapo katikati. Na riluzole yenyewe humwongezea mgonjwa miezi michache tu. Kaka anaimeza asubuhi na jioni mpaka leo.

Kwa hiyo Relyvrio ilipopitishwa Septemba 2022, hatukungoja kuambiwa mara mbili. Ilikuwa unga wa pakiti, unaukoroga kwenye maji yasiyo baridi. Pakiti moja kwa siku kwa wiki 3 za mwanzo, kisha mbili. Uchungu wake ni shubiri kabisa. Wifi yangu alikuwa akimwekea kipande cha halua kwenye kisahani. Kaka anafumba macho, anaigugumia glasi yote kwa mkupuo, anafuatisha halua, halafu hataki mtu amsemeshe mpaka tumbo litulie. Siku nyingine halitulii. Bei ya dawa hiyo ilitangazwa kuwa kama dola 158,000 kwa mwaka.

Sasa, ilipitishwa kwa ushahidi gani? Kwa jaribio moja, CENTAUR, lenye wagonjwa 137 kwa wiki 24. Waliopewa dawa walishuka taratibu kidogo kuliko waliopewa plasibo, ile isiyo na dawa ndani yake. Tofauti ilikuwa alama 2.32 kwenye kipimo cha alama 48 cha uwezo wa mgonjwa. Jopo la washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, lilipokaa Machi 2022, kura zilikuwa 6 kwa 4 dhidi ya dawa. Liliporudi Septemba, 7 kwa 2 waliikubali. Katika kikao hicho cha pili afisa wa FDA aliwauliza wenye kampuni mbele ya watu wote: jaribio kubwa mnaloendelea nalo likishindwa, mtaiondoa dawa? Justin Klee, mmoja wa waanzilishi, akajibu kwamba wataiondoa.

Jaribio hilo kubwa ni PHOENIX, wagonjwa 664, wiki 48. Machi 2024 majibu yakatoka: hakuna tofauti kati ya dawa na plasibo. Mwezi uliofuata kampuni ikatimiza ahadi. Waliokuwa wakiitumia waliruhusiwa kuendelea bure, kwa ushauri wa daktari. Kaka alisoma barua, akamwambia wifi aziondoe pakiti zilizobaki kabatini, na halua iendelee.

Kudanganywa ni pale mtu anapolijua jibu akakuficha. Hapa jibu halikuwepo. Watu 137 ni wachache mno kwa ugonjwa kama huu, kwa sababu ALS haina mwendo mmoja. Mwanasayansi Stephen Hawking aliambiwa anaumwa mwaka 1963 akafariki 2018. Kuna wengine wasiofikisha mwaka. Kundi dogo likibahatika kupata watu kadhaa wa mwendo wa polepole, dawa isiyo na kitu itaonekana imefanya kazi. Njia ya kujua ni kukusanya watu wengi, kuwagawa kwa bahati, na kungoja. Wale 664 ndio waliotuokoa tusiendelee kuunywa ule mchungu miaka mingine kumi kwa imani tu.

Na hapo ndipo penye ugumu nyumbani kwetu. Kaka alipoingia kwenye jaribio la dawa nyingine, Mama kule Kisauni alipiga simu akilia. "Mwanangu, watampa maji matupu huku anaisha?" Nilimweleza jinsi baadhi ya majaribio yanavyopangwa siku hizi. Lile la HEALEY lililoanza mwaka 2020 chini ya Hospitali Kuu ya Massachusetts linapima dawa kadhaa kwa pamoja, na kundi la plasibo linachangiwa, kwa hiyo kati ya watu 4, watatu wanapata dawa ya kweli. Wiki 24 zikiisha, hata aliyekuwa kwenye plasibo anaruhusiwa kupewa dawa. Mama akauliza: "Na ikiwa dawa yenyewe ni mbaya kuliko maji?" Sijasikia swali zuri kuliko hilo kutoka kwa mtu yeyote. Dawa nne za kwanza za HEALEY, hakuna hata moja iliyofikia lengo lake kuu. Kwa dawa hizo, mwenye plasibo hakukosa kitu, na bila yeye tusingejua lolote.

Kile kipimo cha alama 48 nimekiona kwa macho yangu. Ni maswali 12, kila moja alama 4: kuongea, kumeza, kuandika, kuvaa, kugeuka kitandani, kupanda ngazi, kupumua. Mratibu wa utafiti, binti mpole, alifika kwenye swali la kukata chakula na kutumia vyombo. Kaka akamwambia, "Mimi nala sima kwa mkono." Binti akasita. Basi wakakaa: kumega tonge unaweza? Kulifinyanga? Kuchambua mwiba wa samaki? Kaka alionyesha vidole vyake, kidole gumba kikikataa kukutana na vingine, na yule binti akaandika maelezo marefu pembeni kabla ya kutoa alama. Mimi nilikuwa nimekaa kando nikiwaza ni wangapi kama kaka waliowahi kuulizwa swali hili. Washiriki wa majaribio ya ALS ni Wazungu kwa sehemu kubwa mno, na vinasaba vya watu wetu havijachunguzwa vya kutosha.

Hili la vinasaba si jambo la pembeni. Dawa ya tofersen, iliyopitishwa Marekani Aprili 2023, inawafaa wenye hitilafu kwenye jeni ya SOD1 tu, kama watu 2 katika kila 100 wenye ALS. Hudungwa kwenye majimaji yanayozunguka uti wa mgongo. Jaribio lake la watu 108 halikufikia lengo lake kuu ndani ya wiki 28, lakini kiasi cha neurofilamenti, protini za neva zinazovuja neva zinapoharibika, kilishuka kwenye damu, na FDA wakaipa idhini ya haraka kwa sababu hiyo. Kaka alipimwa, hana hitilafu hiyo ya SOD1. Nilisikitika siku hiyo kuliko siku ya Relyvrio, nasema kweli. Lakini asiyepimwa hawezi kujua.

Kwa hiyo ukiwa na mtu wako ambaye mkono unalegea bila maumivu, misuli inachezacheza, ulimi unakuwa mzito, mpeleke kwa daktari wa neva, usiishie kwenye kukanda na mafuta ya moto. Andika tarehe ya dalili ya kwanza. Majaribio mengi yana ukomo, huhesabu miaka 2 au 3 tangu dalili zianze, na huangalia pumzi haijashuka sana. Watu wetu wengi hufika mlango umeshafungwa. Na fomu ya ridhaa isikutishe kwa wingi wa kurasa zake. Ya kaka tuliisoma Jumapili nzima, aya kwa aya, wifi akitafsiri, mimi nikiandika maswali ya kumuuliza daktari. Mwenye yake aje nayo. Tutaisoma pamoja.