Video ya droni kukatika ikipanda juu: jinsi nilivyotatua

Droni tatu zilikuwa zinagawana masafa ya gigahezi 2.4, kila moja na chaneli yake, yaani kipande chake cha masafa hayo: 1, 6 na 11. Chini, picha safi kabisa. Zikishapanda, video inakwama, inarudi, inakwama tena.

Niliongeza nguvu ya kurushia. Zikaanza kupigiana kelele zenyewe kwa zenyewe, yaani mawimbi ya moja yakavuruga ya nyingine. Nikabadilisha antena. Wapi!

Kilichosaidia ni kupima chaneli droni ikiwa hewani. Chini, kuta na miti huziba mawimbi ya watu wengine, hivyo chaneli huonekana tupu. Juu hakuna kizuizi, antena inasikia kila ruta ya Wi-Fi ya mtaa mzima. Nikaipandisha moja, ikatulia huku kipokezi chake kikipitia chaneli zote, kisha nikasoma rekodi ilipotua. Chaneli 6, iliyokuwa shwari chini, ndiyo iliyojaa kuliko zote!

Video nikaihamishia gigahezi 5.8, upana wa chaneli nikaushusha kutoka megahezi 20 hadi 10, kelele inayoingia ikapungua nusu. Gigahezi 2.4 nikaziachia amri za kuongozea tu. Picha imepoteza ung'avu kidogo, lakini haikatiki.

Ukipima, zima kwanza video za droni nyingine, la sivyo utakuwa unazipima zenyewe.