Ritifaa ya ng'ombe

"Tovuti hii haijui Kiswahili." Lalamiko kama hilo likimfikia fundi wa tovuti, hucheka kidogo, akasema hayo ni mambo ya lugha, akalitia chini kabisa ya orodha ya kazi zake. Mimi naona ndilo la kutiwa juu. Wiki hii nimepata ushahidi, na kabla sijalala nataka niuandike ulivyo.

Lalamiko lenyewe lilitoka kwa bibi mmoja anayeuza leso Biashara Street, Mombasa. Duka analo tangu ujana wake. Tovuti alijengewa miaka iliyopita na kijana ambaye siku hizi yuko Doha na hashiki simu. Mteja aliye Lamu au Muscat hatafuti leso kwa rangi, hutafuta kwa jina, yaani yale maneno yaliyochapwa juu ya pindo la chini. Rangi hubadilika kila mzigo mpya ukiingia. Jina ndilo watu hutumiana zawadi kwalo, na ndilo hupigana vijembe kwalo. Kwa hiyo kisanduku cha kutafutia ndicho duka. Kikikwama hicho, picha nzuri na bei nafuu hazifai kitu.

"Mwanangu, watu wakitafuta Ng'ombe haelemewi na nunduye, mtambo walikata neno. Wabakisha ng tupu."

"Na kwa simu yako, Bi, yatokea nini?"

"Kwangu halikatwi. Lakini leso nayo siioni. Yaniambia hakuna."

Neno moja, majibu mawili. Yule kijana alikuwa amemwambia awaelekeze wateja waandike ngombe, bila ritifaa, yaani ile alama ya ' inayokaa juu, naye kwa adabu yake akawa akiwaambia hivyo. Wapo waliomjibu kwamba huko ni kuvunja lugha, na walikuwa na haki.

Nikatazama ukurasa unavyotoka kwenye seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti. Mstari wenyewe ulikuwa hivi:

<input name='q' value='ng'ombe haelemewi na nunduye'>

Fundi aliyazungushia maneno ya mteja ritifaa mbili, moja ya kufungulia na moja ya kufungia. Kivinjari kikisoma, kinakutana kwanza na ritifaa ya ng', na hakina njia ya kujua kwamba hiyo ni ya ng'ombe, si ya fundi. Kinafunga. Ndani ya kisanduku inabaki ng. Mteja akibonyeza tena kutafuta, anamwagiwa kila leso yenye wangu, langu na mwanangu, na leso za Mombasa zisizo na wangu ni za kutafuta kwa tochi.

Sasa, ombe imekwenda wapi? Kivinjari hakitupi kitu. Kinaichukua ombe pamoja na maneno yanayofuata kama sifa za ziada za kile kisanduku. Sifa iitwayo ombe haipo duniani, basi inapita kimya. Lakini zipo sifa ambazo kivinjari kinazijua vizuri sana. Moja ni onfocus: kinachoandikwa mbele yake ni amri ya JavaScript, lugha ambayo vivinjari huitekeleza, na kisanduku kikiguswa tu, amri inatekelezwa. Nikatengeneza nakala ya tovuti kwenye laptopu yangu, nikaandika ng, ritifaa, kisha sifa hiyo na amri ndogo ya kutoa kidirisha cha salamu. Kidirisha kikatokea: Sabalkheri.

Wenye kazi hii huliita tatizo hilo XSS, kifupi cha cross-site scripting: amri ya mgeni kutekelezwa ndani ya tovuti ya mwingine. Jina lilibuniwa na wahandisi wa Microsoft Januari 2000, na mwezi uliofuata CERT, kituo cha Marekani cha kutoa tahadhari za usalama wa kompyuta, ikatoa onyo lake. Herufi X iliwekwa kwa sababu CSS ilikuwa tayari ni jina la lugha ya kupamba kurasa. Iliyovuma zaidi ni ile ya kuhifadhiwa, kama mdudu wa Samy Kamkar aliyeenea kwenye mtandao wa kijamii wa MySpace Oktoba 2005 na kuwafikia watumiaji zaidi ya milioni 1 kwa muda usiofika siku nzima. Pale amri ilikaa ndani ya tovuti yenyewe. Hii ya Biashara Street ni ya kuakisi. Hakuna kinachokaa dukani. Amri inakuja ndani ya linki, seva inaipokea kama maneno ya kutafuta, inairudisha vile vile kwenye ukurasa, na kivinjari cha aliyebonyeza ndicho kinachoitekeleza kikiamini imetoka kwa duka.

Kwa kuwa haikai, mafundi wengi huidharau. "Lazima mtu abonyeze linki," husema, kana kwamba Mombasa hii yupo mtu asiyebonyeza linki. Fungua WhatsApp ya mama yeyote asubuhi uone: maulidi, harusi, mchango wa hospitali, bei ya mchele, zote linki. Wengine husema kivinjari kitazuia. Chrome ilikuwa na kichujio cha kazi hiyo, kikaondolewa mwaka 2019 kwa sababu kilikuwa kikikwepwa na pia kuleta matatizo yake.

Kilichoniudhi zaidi ni hiki. Kila mara tunawafundisha watu watazame jina la tovuti kabla ya kubonyeza, na watazame kama pana alama ya kufuli. Shangazi yangu nimemfundisha hivyo mimi mwenyewe. Linki ya aina hii ina jina halisi la duka, herufi kwa herufi. Kufuli nalo lipo, kwani kazi ya kufuli ni kuthibitisha kwamba unazungumza na tovuti yenye jina hilo na kwamba njiani hakuna anayesoma wala kubadilisha. Ubaya uko mkiani, baada ya alama ya kuuliza, mahali ambapo kioo cha simu hakifiki.

Na mtu mbaya angetaka kutuma linki kama ile, wa kutumiwa si mteja, ni Bi mwenyewe. Yeye huingia upande wa usimamizi asubuhi na hatoki mpaka afunge duka. Mtu angemtumia ujumbe, "Bi, leso hii unayo?" na linki ya duka lake. Angekosaje kubonyeza? Amri ingefanya kila awezalo yeye: kusoma oda, majina, namba za simu, nyumba za kupelekewa mizigo Kisauni na Likoni, hata kubadilisha namba ya kulipia. Kuki yake ya kuingilia, ile alama ambayo kivinjari hutunza ili tovuti imtambue, ilikuwa na kinga ya HttpOnly, hivyo skripti, yaani amri kama ile yangu, isingeweza kuisoma. Hilo kijana wa Doha alilifanya vizuri. Lakini skripti iliyo ndani ya ukurasa haina haja ya kuiba ufunguo, ishaingia nyumbani.

Wala kijana huyo hakuwa mzembe. Alitumia htmlspecialchars, ambayo katika PHP, lugha iliyoandikiwa tovuti hii, hugeuza alama za hatari zikawa maandishi tu. Alama za < na > ziligeuzwa, alama ya nukuu mbili (") ikageuzwa. Ritifaa haikuguswa, maana PHP ikiachwa ijiamulie ilikuwa ikiiacha ipite, mpaka toleo la 8.1 la Novemba 2021 lilipobadilisha desturi hiyo. Tovuti hii ilikuwa bado kwenye 7.4, toleo ambalo halirekebishwi tena tangu Novemba 2022. Kiingereza nacho kina ritifaa zake, don't na can't, lakini nani huingia dukani akatafuta don't? Sisi tuna ng'ombe, ng'ambo, ng'ara, mng'ao. Tuna kina Ng'ang'a na kina Ong'ondo. Kila siku watu wetu wanazipima tovuti za nchi hii bila kujua kwamba wanapima, na wakisema zimevunjika wanaambiwa waandike kwa njia nyingine.

Simu ya Bi ni iPhone, na iPhone huwa inaigeuza ritifaa iliyonyooka ikawa iliyopinda wakati unaandika. Kwa kompyuta, iliyopinda ni alama nyingine kabisa. Haikukifunga kisanduku, ila pia haikulingana na jina lililohifadhiwa. Ndiyo maana kwake neno lilibaki zima na leso ikakosekana. Angeulizwa yeye peke yake kuhusu usalama, angeapa tovuti ni salama.

Kurekebisha hakukuwa kazi: ENT_QUOTES kila mahali, yaani kuiamuru htmlspecialchars igeuze na ritifaa, alama ya nukuu mbili kuzunguka sifa zote, ritifaa iliyopinda inyooshwe kabla ya kutafuta, kuhamia PHP mpya, na sera ya CSP ya kukataza skripti zilizopachikwa ndani ya ukurasa. Kilichonitoa jasho ni kung'oa dawa za zamani. Kuna mtu aliyepita kabla yangu akawa anaigeuza ritifaa kabla ya kuhifadhi oda, basi wateja walikuwa wakipokea SMS hii: "Oda yako: Ng&#039;ombe haelemewi na nunduye, doti 2." Maneno ya mteja huhifadhiwa kama alivyoyaandika, na hugeuzwa yanapotoka, kulingana na yanakotokea. Ukurasa una ugeuzaji wake, linki ina wake, JavaScript ina wake, na SMS haitaki kabisa.

Kijana anayejifunza kazi ofisini kwetu alipoona kile kidirisha macho yakamng'ara. "Kaka, twende tukazijaribu tovuti zote za Mombasa." Nikamwambia kutafuta ng'ombe dukani ni kununua; kuandika amri baada ya ritifaa kwenye tovuti ya mtu ambaye hajakuruhusu ni jambo jingine. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta inataja faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa kuingia bila idhini. Ukiona neno limekatika, mwambie mwenye tovuti na uishie hapo.

"Na akiniambia niandike ngombe?"

Mwambie tena, nikasema, ingawa najua wengi hawaambiwi mara ya pili.

Bi naye aliuliza la maana kuliko yote: je, kuna aliyeingia? Kwa XSS ya kuakisi ya namna hii, alama hubaki, kwa kuwa amri hupita ndani ya linki na seva huandika kila linki iliyoombwa. Ritifaa huonekana humo kama %27, na ile iliyopinda kama %E2%80%99. Nikazichuja rekodi zote zilizokuwepo. Zinarudi nyuma miezi michache tu, na nilimwambia wazi kwamba katika miezi hiyo sikuona amri yoyote, na ya kabla ya hapo hakuna awezaye kuyasema. Nilichoona ni wanunuzi: ng%27ombe, kisha ngombe, kisha n%27gombe, kisha kimya. Mwingine ng%27ara. Mwingine aling'ang'ana na ng%27ang%27ania mpaka akachoka.

Akavaa miwani, akaipitisha karatasi polepole.

"Hawa wote walitaka kununua?"

"Naam, Bi."

"Basi hizi ni oda zangu. Nichapie zote, na tarehe zake."

Akamwita msaidizi wake amletee kalamu, akaanza kutia alama zile ambazo leso zake bado anazo ghalani.